Mwendo wa Baba

Siku habari za msiba wa yule mchekeshaji zilipofika, ofisini kwetu Bariadi kazi zilisimama. Mhasibu alizima kompyuta. Dereva aliegemea mlango na simu mkononi. Bosi wetu, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa huku na bado analalamikia vumbi letu, alilia waziwazi kama aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja alikuwa na kipande cha video kwenye simu yake, na wote walikuwa nacho kile kile: mzee wa shamba anafika benki, anavua katambuga zake za tairi mlangoni, anazipanga vizuri zikitazama nje, halafu anakwenda dirishani peku, mguu mmoja chini, mguu mmoja juu, mkono mmoja mgongoni, huku akikohoa kuomba njia mahali ambapo hapana mtu. Walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Mimi nilikaa mezani kwangu nikijifanya natafuta faili.

Mzee yule waliyekuwa wanamcheka ni baba yangu.

Nieleweke vizuri. Mchekeshaji hakuwa baba yangu. Mchekeshaji alikuwa jirani yetu kijijini, kule Zagayu, mtu wa rika la kaka yangu mkubwa, aliyeondoka kijana akaenda Dar es Salaam na kurudi akiwa ndani ya televisheni. Nasema yule mzee aliyekuwa anaigizwa. Ule mwendo ni wa baba. Kule kukohoa ni kwa baba. Kuvua viatu kwenye kila mlango wenye saruji ni kwa baba, anayeamini kwamba sakafu iliyopigwa deki na mtoto wa mtu haikanyagwi na tairi. Nchi nzima ilikuwa inamjua baba yangu kuliko inavyowajua mawaziri wake, ila haikujua kwamba yupo, kwamba analima pamba, na kwamba ana binti katibu muhtasi mjini ambaye kila wiki, kipindi kilipoanza, alikuwa anatafuta sababu ya kwenda jikoni.

Na kulikuwa na mtu mmoja zaidi ambaye hakujua. Baba mwenyewe.

Baba ameshika plau tangu hajaota ndevu. Anayelima na maksai hutembea mguu mmoja ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa na mguu mwingine juu ya ardhi ambayo bado. Fanya hivyo msimu baada ya msimu, uanze ukiwa kijana uje uzeeke hapo hapo, na mwili unazoea. Leo hii ukimweka baba barabarani penye lami, mguu wa kulia bado unautafuta mtaro. Unashuka kwa nguvu, bega linaufuata, halafu mguu wa kushoto unanyanyuka kama unaovuka bonge la udongo. Yeye anajiona anatembea sawasawa. Nani amewahi kujiona akitembea? Kijijini kwetu hapana vioo vya kumtosha mtu mzima, na hata vingekuwepo, mtu husimama mbele ya kioo, hapiti.

Ukoo wa mchekeshaji na ukoo wetu ni watani. Kwa asiyejua utani wa kwetu, ni hivi: mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, akakutukana mbele ya wakwe, akakwambia mke wako alipunjwa, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unaonekana hujalelewa. Siku ukifa, mtani ndiye anayezuia jeneza njiani mpaka apewe chake, na ndiye anayevaa nguo yako na kutembea ulivyokuwa unatembea, ili watu wakuone mara moja ya mwisho kabla ya udongo. Kwa hiyo yule kijana alipoanza kumwiga baba hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa haki yake.

Alikuwa anakuja kutuswagia maksai wakati wa kulima, na kwa sababu hiyo aliijua miguu ya baba kuliko mimi niliyezaliwa nyumbani mwake. Nakumbuka msimu wa kuuza pamba, watu wamekaa juu ya marobota wakisubiri mizani. Baba angepita kwenda kunywa maji, na yule kijana angeshuka taratibu na kumfuata nyuma, hatua kwa hatua, mguu chini, mguu juu, mkono mgongoni, hakosei hata pumzi. Watu walikuwa wanagaragara kwenye pamba. Baba akisikia kicheko alikuwa anageuka haraka ili amkamate, na kila akigeuka alimkuta mwenzake amesimama wima anatazama mawingu kama mtu anayengoja mvua.

"Ananikunjia uso huyu," baba alikuwa anasema, na yeye anacheka. "Nitamkamata tu."

Hakumkamata hata siku moja. Wala hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayakuwa usoni, yalikuwa miguuni. Mimi nilicheka na wenzangu, nilikuwa msichana wa shule, na wala sikuona vibaya. Waliokuwa wanacheka walikuwa wanamwamkia baba kila asubuhi, mwangaluka baba, na kuja kwake mchana kuazima nira. Kicheko kile kilikuwa cha nyumbani.

Aibu ilianza kwenye televisheni. Nilikuwa nimepanga chumba Bariadi, karibu na soko, na mwenye nyumba alikuwa anatualika sebuleni kwake kutazama. Wapangaji wenzangu walikuwa watu wa mikoa mbalimbali, walimu, wauguzi, fundi simu mmoja. Yule jamaa akatokea kwenye kioo amevaa kofia iliyochoka na koti refu, akaanza kutembea, na nikautambua mwendo wa baba. Sebule nzima ililipuka. Fundi simu akasema, "Wasukuma bwana! Ndivyo walivyo!" Nikaona aibu ambayo sikuwa naijua. Sikujua nimwonee aibu nani, baba kwa kutembea vile, mtani kwa kumpeleka mbali vile, au mimi niliyekuwa natabasamu ili nisionekane.

Nilifunga safari kwenda nyumbani nikiwa na wazo moja tu, baba asije akaona. Nilikuwa nimechelewa. Mwenye duka pale senta alishanunua televisheni ya sola na wazee walikuwa wanapanga mabenchi mapema. Nilimkuta baba benchi la mbele. Mchekeshaji alipoanza kutembea, baba alicheka kuliko wote, mpaka akashika ubavu.

"Mnamwona?" aliwauliza wenzake. "Huyo ni marehemu baba yangu mtupu! Alikuwa anakwenda hivyo hivyo. Mtani wangu ana kumbukumbu, jamani, alikuwa mdogo sana mzee anafariki."

Benchi zima liliinamisha macho chini. Mwenye duka alijifanya anarekebisha waya. Baba akanigeukia na uso wenye furaha, akitaka nikubali, na mimi nikasema, "Ndiyo baba, ni babu kabisa." Tangu siku hiyo kijiji kizima kilikuwa na siri moja, nami nikawa mlinzi wake mkuu. Nilikuwa naogopa kitu kimoja, siku ambayo baba angejua kwamba anayechekwa na nchi hii ni yeye.

Ya viatu aliyajua, niseme ukweli. Aliona katambuga zikipangwa mlangoni akatambua ni za kwake, na alifurahi sana. Alikuwa anawaambia watu, "Mimi sijafika Dar, lakini viatu vyangu vimefika." Alidhani nchi inajifunza adabu.

Safari moja mchekeshaji alikuja kusalimia. Alikuwa na gari zuri ila aliliacha senta akaja kwa miguu, akiwa na sukari na vitenge, akaamkia kwa Kisukuma kama aliyeondoka jana. Alikaa na baba juu ya vigoda wakala michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa karanga, wakatukanana vizuri mpaka jua likaanza kuinama. Alipoaga nilimsindikiza mpaka nje ya zizi, na hapo nikamtolea yangu.

"Mtani, unamcheka baba yangu nchi nzima."

"Simcheki," alisema. "Namtembea."

"Watu wanacheka."

"Wacheke. Mimi nimefika kule mjini, naambiwa nichekeshe, nikajitafuta sina kitu. Nikamkumbuka mzee. Sasa niache nile nini?"

"Basi mwambie. Muombe ruhusa."

Alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana mzaha. "Mtani, nikimwambia ataitazama miguu yake. Mimi hii ndiyo kazi yangu, najua. Mtu akishaitazama miguu yake hajui tena aiweke wapi. Nikuombe kitu kimoja, asijue."

Nilimwahidi. Nilimchukia kidogo kwa kunifanya niahidi jambo ambalo nililitaka mimi mwenyewe. Akashuka njiani kuelekea gari lake, na nikasimama pale nikimtazama mpaka akakata kona, bila kuona kitu chochote cha maana katika mwendo wake. Hilo nitalirudia.

Mwaka uliofuata baba alikuja ofisini bila taarifa, na mfuko wa choroko begani. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikohoa mlangoni. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshavua katambuga, anazipanga zikitazama nje, halafu akaingia peku kwenye vigae, mguu chini, mguu juu. Dereva alipiga yowe la furaha.

"Jamani njooni! Mzee anamwiga yule wa TV! Anampatia balaa!"

Walitoka vyumbani wote. Waliinua simu. Nilisema, "Huyu ni baba yangu," nilisema kwa sauti, hilo siwezi kunyang'anywa. Lakini bosi akapiga makofi akasema, "Alaa! Kumbe baba yako ana vituko hivi? Mzee, rudia ile ya viatu!" Na baba, aliyeombwa na mama mwenye cheo kurudia kuvua viatu, alitoka nje, akavaa, akavua tena, akapanga, akaingia. Hakuelewa kwa nini, ila mgeni hakatai anachoombwa na wenyeji. Ningeweza kuwaambia pale pale kwamba haigi mtu. Ningewaambiaje naye yupo katikati ya chumba, ameshika choroko?

Nilipomsindikiza stendi alikuwa ameridhika mno. "Watu wa ofisini kwako wana heshima," alisema. "Wote walisimama kunisalimia." Nilimnunulia soda nikamgeuzia uso. Kuanzia hapo ofisini kila wiki mtu aliniuliza, yule mzee mwigaji hajambo?

Sasa mchekeshaji amekufa. Aliugua huko huko Dar, haikuchukua muda, na familia ikaamua azikwe kwao. Bosi alitoa gari la ofisi tuende. Njiani, tukipita mashamba ya pamba iliyokuwa imeanza kupasuka, dereva aliweka zile video kwa sauti, na bosi akaniuliza, "Mzee wako atakuwepo? Kama ni mtani wao, si ndiye atakayemwigiza?" Nilisema ndiyo, yeye ndiye mkubwa wa watani. Gari zima likasema ooh. Nilikuwa naona kitakachotokea: baba atavaa nguo ya marehemu, atatembea kama marehemu, na marehemu alikuwa anatembea kama baba. Atasimama mbele ya kamera za nchi nzima akitembea mwendo wake mwenyewe, na watamsifu kwa kuuiga.

Zagayu sijawahi kuiona vile. Wasanii walikuja na basi zima, wamevaa fulana nyeusi zenye picha ya marehemu ndani ya lile koti na ile kofia. Fulana ziligawiwa hata kwa wanakijiji, na mimi nikavaa yangu. Kulikuwa na hema, spika, na mshereheshaji kutoka mjini aliyekuwa anasema maneno mengi mazuri. Mama wa marehemu, bibi mdogo wa umbo aliyekauka kwa kilio, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, na macho yake hayakuwa yanatazama chochote. Kila msanii aliyesimama alielezea kichekesho, na kila kichekesho kilikuwa cha yule mzee wa shamba. Nilimtazama bibi. Alikuwa anaangalia zile fulana kama anayetafuta mtoto kwenye umati na kumkosa.

Jeneza liliponyanyuliwa kwenda kaburini, watani walilaza nira njiani na kukaa juu yake. Baba alikuwa katikati yao. Walidai chao, wakatukanana na wafiwa, wakapewa jogoo na kitenge, yote kama inavyotakiwa. Kisha mdogo wa marehemu akaleta nguo. Alikuwa amebeba lile koti refu na ile kofia, zimepigwa pasi. Umati ukasogea. Simu zikainuka nyingi kama mtama shambani.

Baba alilishika koti, akaligeuza, akalirudisha.

"Hili si lake," alisema. "Hili ni la kazini. Nileteeni nguo yake."

Watu walitazamana. Mdogo mtu alikimbia ndani, akachelewa, akarudi na shati la bluu lililofifia, shati la ujana wake, ambalo bibi alikuwa amelitunza kwenye sanduku. Baba alivua koti lake mwenyewe, akavua katambuga zake akazipanga pembeni zikitazama nje, akalivaa lile shati. Halikufunga vifungo. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa wapendwa, mzee wetu anatuletea kwa mara ya mwisho ule mwendo tuliouzoea!"

Baba akatembea.

Alitembea haraka, hatua fupi fupi, akikanyaga kwa vidole kama mtu anayepita penye mwiba, mabega yamekuja mbele. Kila baada ya hatua kadhaa aligeuza shingo kutazama nyuma, kama aliyetumwa chumvi anaogopa asije akaitwa akaongezewa kazi. Alifuta pua kwa bega. Alikunja midomo kama anayepiga mluzi usiotoka. Mguu haukushuka, mkono haukwenda mgongoni. Mzee yule, na umri wake, aliruka kijishimo ambacho angeweza kukizunguka.

Hakuna aliyecheka. Msanii mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Siyo hivyo." Mwingine akapaza, "Weka mguu, mzee! Ule mguu!" Simu zilianza kushuka moja moja. Bosi wangu aliniinamia sikioni. "Kule ofisini alipatia zaidi," alisema kwa huruma. Nami niliinamisha kichwa. Niliona aibu kwa ajili ya baba, kwamba amesahau, kwamba uzee umemwingia hapa hapa mbele ya watu, na nikatamani amalize haraka aketi.

Ndipo bibi aliposimama. Wanawake walijaribu kumshika akawatoka.

"Ng'wana wane!" alilia. "Huyo! Huyo ndiye ng'wana wane! Mtazameni, mtoto wangu huyo!"

Alikuwa anacheka. Machozi yanamwagika na anacheka, amenyoosha mikono. Baba alimwendea kwa ule mwendo wa vidole, akasimama mbele yake, akafuta pua kwa bega, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti nyembamba ya kijana, "Mayu, nimechelewa, ng'ombe walikwenda mbali." Bibi akampiga kofi dogo la begani, kofi la mama kwa mtoto aliyechelewa, halafu akalikumbatia lile shati.

Hapo na mimi nikakumbuka. Nikamwona yule kijana akija kwetu asubuhi kuswaga maksai, anakanyaga umande kwa vidole, anageuka nyuma, anapiga mluzi usiotoka. Nilikuwa nimemtazama akikata kona kuelekea gari lake na sikuona kitu. Miaka yote nilikuwa nalinda mwendo wa baba nikimlaumu aliyeuchukua, na sikujiuliza hata siku moja wake aliuacha wapi. Baba alikuwa nao. Wakati yule anaisoma miguu ya baba kutoka ubavuni mwa maksai, baba naye alikuwa anamtazama. Nilijisikia mdogo sana pale niliposimama, na fulana ya marehemu kifuani.

Laiti ingeishia hapo.

Baba alilivua shati, akalikunja, akalikabidhi kwa bibi. Akavaa koti lake. Akaingiza miguu kwenye katambuga zake, akakohoa kuomba njia, na akaanza kurudi kwenye mkeka wa watani. Mguu wa kulia ukashuka. Bega likafuata. Mguu wa kushoto ukanyanyuka. Mkono ukaenda mgongoni.

"Hiyooo!" dereva wetu alipiga kelele. "Hiyo ndiyo sasa!"

Umati ulilipuka. Makofi, vigelegele, simu zote juu. Wasanii walikuwa wanakumbatiana. Bosi wangu alikuwa anaruka, "Amempatia! Amempatia!"

Baba akageuka haraka.

Aligeuka vile vile alivyokuwa anageuka zamani kwenye marobota ya pamba, kumkamata anayemfuata. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na njia tupu, na mwisho wa njia palikuwa na jeneza. Alisimama. Aliwatazama waliokuwa wanacheka, akafuata macho yao na simu zao, akaona vinaishia wapi. Akaitazama miguu yake. Aliitazama kwa muda, kwanza huu, kisha huu. Halafu alitazama fulana zile, moja baada ya nyingine, koti, kofia, mkono mgongoni, na alipofika kwangu alinikuta nimesimama na yangu.

Mkono aliutoa mgongoni. Hakujua auweke wapi, akaushikisha koti. Akakanyaga taratibu, unyayo mzima, akainyoosha miguu kwa nguvu kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, na akaenda mpaka kwenye mkeka hivyo hivyo, wima, akiyumba. Kicheko kilipungua kikaisha. Hawakuelewa kwa nini ameacha, walidhani amechoka.

Baada ya mazishi nilimfuata. Alikuwa amekaa ukutani mwa zizi letu, peke yake. Nilimwamkia, akaitikia.

"Na wewe ulijua," alisema.

"Nilijua, baba."

"Yeye simlaumu," alisema. "Yeye ni mtani wangu, ana haki, na mimi nimemlipa leo. Wale wengine je? Wamekuwa watani wangu tangu lini?"

Ofisi yangu nzima ilikuwa inanisubiri kwenye gari, wamewasha injini, wanaitazama video yake.

Tangu siku ile baba anajaribu kutembea vizuri. Haji tena Bariadi. Akienda senta anapitia nyuma ya mashamba, na mbele za watu anakwenda kwa ule mwendo wa gogo, ambao unamchosha na siku moja ulimwangusha. Ofisini niliwaambia ukweli wote. Dereva aliona aibu kweli, akafuta video zake. Bosi aliniomba radhi, halafu akasema kwamba mzee anapaswa kujivunia, na nikamwacha hapo, kwa sababu ni mtu mwema na hajui.

Msimu huu wa kulima nilikwenda nyumbani mwisho wa juma. Nilitokea njia ya shambani na nikamwona kwa mbali kabla hajaniona. Alikuwa ameshika plau, kaka yangu akiwa ubavuni na kiboko, mguu wa kulia ndani ya mtaro, wa kushoto juu. Pale mahali ule mwendo hauna kosa lolote. Alikuwa anakwenda vizuri, bega limetulia, anakohoa anawasemesha maksai kwa majina yao, na nikasimama nikimtazama baba yangu akitembea.

Alipofika mwisho wa mtaro aliinua kichwa akaniona. Akawasimamisha maksai. Nilipunga mkono. Alinipungia, lakini hakusogea. Ili ageuze plau ilikuwa lazima atoke kwenye mtaro, apite hatua chache kwenye ardhi tupu mbele yangu. Aliendelea kushika mpini akijifanya anakagua mnyororo. Kaka yangu alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Nikageuka. Nilimpa baba mgongo, nikaitazama barabara ya Bariadi isiyokuwa na kitu, mpaka niliposikia amekohoa na maksai wameanza kutembea.